Jogoo Nyeupe ya Rehema

Tarehe 6, mwezi wa kumi na moja

Raphaël, miguu yako imeoza? Bukavu kwako na Baraka kwetu si mbingu na dunia. Bamama benye mimba banasafiri hii barabara, bantu banabeba friji ku mugongo ya pikipiki, hata mbuzi zinafika nzima. We peke yako ndiye barabara inakushinda. Tulipozika baba yako ulilala hapa siku mbili, ukagombana na pasta mbele ya kaburi, nikakupiga kofi, ukapanda pikipiki bila kuniaga. Haya. Kofi ya koko, ya nyanya yako, haijaua muntu. Rudi.

Unajua mi sikusoma. Sasa Émilienne, jirani yetu mwalimu, anakusanya bamama kama mi nyuma ya kanisa na kutufundisha herufi. Anasema tuandike kila siku, hata mustari moja. Mi siwezi kuandikia ukuta. Nakuandikia we, mujukuu, bwana yangu mudogo. Siku utafika utakaa pa kiti, utasoma yote, hata yenye itakuuma.

Naanza na yenye unajua, ili mukono izoee. Tarehe kumi na moja ya mwezi uliopita radi ilipiga Anatole, baba yako, mutoto yangu wa pekee mwenye alibaki. Ilimupata ku shamba, upande wa Mutambala, chini ya muchikichi. Balimukuta amelala, na jogoo nyeupe inamuzunguka, nzima, kitambaa ya kijani imefungwa ku muguu. Hapa kila muntu anajua bazee balisema nini: radi ni jogoo nyeupe, inashuka, inachota uhai, inapanda. Na ile kitambaa niliijua. Ilitoka ku kitenge ya Rehema. Siku ya tatu ya kilio nilisema neno moja tu: "Ile jogoo ni ya Rehema." Sikuongeza kitu. Bantu bengine ndio baliongeza.

Pasta Jérémie alisema Mungu ameruhusu. We ulimuuliza: "Ameruhusu, ama ametuma, ama hakuangalia?" Ndipo nilikupiga. Ku kaburi hatuulizake maswali.

Kifua yangu imepona. Kikohozi yenye ilinikamata mwezi mzima iliondoka siku tulimuzika, kama mugeni mwenye amepata haya.

Leo radi imenguruma upande wa Ubwari, ng'ambo ya maji. Haikupiga.

Tarehe 7

Imenguruma. Sombe, majani ya mihogo, ilikosa chumvi.

Tarehe 8

Imenguruma mara tatu. Rehema alipita mbele ya mulango na beseni ya samaki ndogo, ndagala, ku kichwa. Hakusimama. Mi pia sikusimama.

Tarehe 11

Mwezi moja kamili.

We ni mutoto wa juzi, acha nikwambie Rehema ni nani. Wakati ya vita tulivuka ziwa mu mutumbwi moja, mi, yeye, na baba yako. Baba yako alikuwa kijana ya miaka kumi na tano, alipiga kafi mpaka mikono ikatoka damu. Rehema alikuwa na mimba ya Yasmina. Yule Yasmina mi ndiye nilimupokea kambini, kwa hii mikono, na wembe yenye nilichemsha mu kopo ya nyanya. Tuliporudi tulijenga mulango kwa mulango. Yeye anaswali, mi naimba. Ramadhani alinitumia uji, Noeli nilimutumia mchele. Miaka ishirini na saba.

Tulikuwa tunaanika ndagala ku mukeka na kubishana nani alifanya ziwa. Rehema anasema Mungu alisema "Kuwa," ikakuwa, imekwisha. Mi nasema kwetu Roho ya Mungu ilikuwa inatembea juu ya maji. Siku moja akaacha kazi, akaweka mikono pa kiuno:

"Eh! Basi maji ilikuwa tayari? Na nani aliitia pale? Mama Anatole, kitabu yenu imeanza hadithi katikati!"

Nilimutupia ndagala. We ulikuwa umetoka shule, na ile kiburi ya kidevu chenye kimeota nywele tatu. Ukasema ziwa ni ufa, ardhi inapasuka polepole, kila mwaka upana ya punje ya mchele. Rehema akakuangalia: "Na nani alikaa pale na mchele yake kupima?" Tulicheka batatu mpaka paka ikapata nafasi ya kuiba.

Majibu matatu ku mukeka moja, na siku ile hakuna mwenye alifukuzwa ju ya jibu yake.

Lakini sasa mutoto yangu iko mu udongo. Si saa ya kucheka.

Imenguruma.

Tarehe 15

Pasta Jérémie alikuja na bamama babili ba chumba ya maombi. Nilibapa viti, nilibapa maji. Akasafisha koo.

"Mama Anatole, Bwana anafunua."

"Anafunua nini?"

"Mwenye alifungua mulango ya radi."

"Mulisema Mungu ameruhusu. Sasa ni muntu ametuma. Banatumana?"

"Mungu anaruhusu, Shetani anatuma, muntu anabeba."

"Kumbe batatu balikusanyika kuua Anatole moja."

Bamama baliangalia miguu yao. Pasta hakukasirika, huyu ana subira ya mwenye kungoja samaki. Alisema shefu wa kartie, mukubwa wa mtaa wetu, atatuita tarehe 28, Rehema atakuwa pale, na mi nitarudilia neno yangu mbele ya bantu. Tu ile moja, ya jogoo.

Sitakudanganya, Raphaël. Moyo yangu ilipenda. Rehema ana uso. Uso unaweza kuichukia asubuhi ukifagia, unaweza kuichukia ukisonga bugali. Mawingu nitaichukia namna gani? Nitaangalia juu mpaka shingo ivunjike?

Tarehe 20

Imenguruma. Nimelima mustari mbili ya maharagi.

Tarehe 21

Imenguruma. Émilienne anasema herufi zangu zinalala kama balevi.

Tarehe 24

Rehema alisimama leo. Alikuwa ku njia, mi ndani ya ua, mu lupango yangu. Akasema, "Mama Anatole." Nikaingia mu nyumba.

Tarehe 28

Naandika haraka, kama hutasoma vizuri usinitukane.

Balijaa kwa shefu tangu saa mbili. Vijana baliketi juu ya ukuta kama kunguru, mumoja alikuwa na kiberiti anaichezesha mu mukono. Rehema alikaa chini, ku mukeka, kitambaa yake ya kichwa imefungwa vizuri kama siku ya Idi. Shefu akamuuliza: jogoo ilifika namna gani ku shamba ya Anatole?

Rehema alijibu na sauti yake ya soko, kila muntu alisikia. "Anatole alikuja kwangu saa tatu asubuhi. Alisema mama yake anakohoa, anataka supu. Nilicheka, nilimutukana kidogo, nilikamata jogoo mi mwenyewe, nikapasua kitenge yangu ya kazi, nikaifunga muguu. Akaenda nayo. Muulizeni Mama Anatole. Yeye ndiye alimutuma."

Bantu bote baligeuka. Hata kuku za shefu, naona kama ziligeuka.

Nikasema: "Sikumutuma mahali popote."

Rehema hakulia. Hakupiga kelele. Alinitazama kama muntu mwenye anatafuta kitu yenye aliacha mu nyumba ya mwingine. Shefu akaogopa ile kiberiti, naye ni muntu, ana nyumba ya nyasi. Akasema hakuna mwenye anahukumu, lakini kwa usalama yake mama aende kwa kaka yake Ubwari, mpaka roho za bantu zitulie. Akamupa siku tatu za kuondoka.

Akipita mbele yangu Rehema alisimama. Akaniuliza polepole, kama tuko babili tu:

"Mama Anatole, kikohozi imepona?"

Nikafunga kitenge yangu upya, nikaondoka. Imenguruma njia yote ya kurudi.

Tarehe 1, mwezi wa kumi na mbili

Ameondoka na boti ya asubuhi. Yasmina alibeba sufuria, yeye alibeba mukeka. Ule mukeka.

Nyuma yake vijana balipita nyumba kwa nyumba na kuchinja jogoo zote nyeupe. Kartie mzima ilinuka supu. Ile yenyewe, ya kitambaa, balifunga na jiwe bakaitupa mu ziwa. Mi sikula.

Tarehe 5

Pasta ameita mufungo ya siku tatu, ili mulango ya radi ifungwe kabisa. Nimefunga.

Tarehe 8

Tumemaliza. Pasta amesema imefungwa. Imenguruma wakati anasema.

Tarehe 25

Noeli. Hukukuja. Nilipika mchele, nikaweka ya Rehema pembeni mu sahani, mukono ilifanya yenyewe. Nikamupa mbwa.

Tarehe 9, mwezi wa kwanza

Imepiga.

Saa nane ya mchana, kabla mvua. Ilipiga ku chumba ya maombi yenyewe, pale juu ya manjanja, yale mabati, ikashuka ku nguzo, ikaua mbuzi mbili zenye zilifungwa pale. Ndani hakukuwa muntu, asante. Tulikimbia bote kuona. Mbuzi zilikuwa zimelala na majani bado mu kinywa. Hakuna jogoo. Niliangalia vizuri, nilizunguka hata nyuma ya choo. Hakuna unyoya.

Nikauliza pasta: "Na sasa ni nani? Rehema iko ng'ambo, juma ya sita."

"Alama yake imebaki mu udongo, mama."

"Na mufungo yetu?"

"Bila mufungo ingekuwa bantu, si mbuzi."

Nilirudi nyumbani na kufikiri juu ya yule mganga wa barabarani mwenye aliuza chupa kule Lulimba. Chupa moja, inaponya jino, inaponya tumbo, inarudisha bwana mwenye amekimbia, inazuia mimba, inaleta mimba. Baba ya Anatole alinunua. Ilikuwa maji na rangi. Dawa yenye inajibu kila ugonjwa, Raphaël, nilijua tangu usichana kwamba ni maji. Kwa nini kwa pasta sikujua?

Nimekupigia simu. Usijifanye umesahau, lakini naandika ili ibaki.

"Koko? Kuna nini?"

"Radi imeua mbuzi za kanisa."

Ukasema, bila kunicheka, na hiyo nimeishukuru: "Koko, unakumbuka blanketi ya nailoni, nilikuwa naisugua mu giza, inatoa cheche? Ni kitu moja. Kule juu mawingu zinasuguana. Ikijaa inatafuta njia ya chini, na inapenda kitu ndefu. Muti mrefu. Nguzo. Baba alikuwa chini ya muchikichi mrefu kuliko yote pale."

"Ingemupata hata kama alibeba Biblia?"

"Hata kama alibeba pasta, koko."

Nilicheka. Kisha nilikata simu, ju ya kucheka kule.

Tarehe 12

Nimesugua blanketi. Hakuna kitu. Blanketi yako ni muongo kama we.

Tarehe 13

Umesema mu simu ni ju hewa ina maji, ningoje siku kavu. Nikakukamata pale: kama unyevu inazuia, mbona radi inakuja na mvua? Ukasema kule juu sana kuna barafu. Nikakwambia nimezaliwa Baraka, barafu nimeona mu chupa ya Fanta tu. Ukauliza: "Koko, mvua ya mawe umeona?" Nimeona. Ilivunja nyumba yetu ya nyasi nikiwa musichana. "Ilitoka wapi?"

Nilisema pesa ya simu imeisha, na ilikuwa haijaisha.

Tarehe 27

Siku nane bila mvua, ile kiangazi kidogo ya katikati. Ngozi inapasuka. Saa saba mchana nilifunga dirisha na mulango, nikaziba matundu na nguo, nyumba ikawa giza. Nikasugua blanketi.

Ta-ta-ta. Cheche ndogo, za buluu. Nilishtuka, nikaita Yesu.

Nikarudilia. Unanijua, kitu nikiikamata siiachi. Nilisugua nikiomba Baba Yetu: ta-ta-ta. Nilisugua bila kuomba: ta-ta-ta. Nilisema, Bwana, zuia moja tu, ile ndogo, nitakutumikia: ta-ta-ta. Nilisugua nikitaja jina ya Rehema. Nikitaja jina ya Pasta Jérémie, na hiyo ilinifurahisha kidogo. Haikujali. Haina masikio.

Mwisho nilisugua nikitaja Anatole. Pia haikujali.

Nikajifunika ile blanketi, nikakaa pale mpaka Émilienne alipogonga mulango kuuliza kama nimekufa.

Tarehe 3, mwezi wa pili

Nilimuuliza Émilienne, mama ya rozari asubuhi na jioni: kama cheche haina masikio, Mungu anafanya nini kule juu? Akafikiri. Akasema: "Mama, mi nafundisha batoto herufi. Mutoto akiniuliza A imetoka wapi, nasema ni A tu, endelea. Ni kwa sababu sijui, na ju kengele italia." Akacheka, macho yakajaa maji. Yeye pia alizika batoto babili, wa kipindupindu. Balimwambia Mungu alihitaji malaika. Aliniambia: "Hakuna mwenye aliniambia nichemshe maji mpaka wa pili akafa."

Tarehe 10

Mvua imerudi. Imenguruma.

Tarehe 19

Kuna neno moja sikuandika. Tangu nianze kuandika, miezi mitatu, nimezunguka nayo. Utaisoma na utajua koko yako ni nani.

Ile asubuhi nilikohoa mpaka mbavu. Baba yako alikuwa anafunga kamba za viatu pale ku mulango. Nikamwambia: "We mutoto, utaniacha nife? Hii kifua inataka supu ya ile jogoo nyeupe yenye Rehema anairingia." Ilikuwa mzaha. Nusu mzaha. Alicheka: "Mama Yasmina atanikata kichwa." Nikasema: "Mwambie ni mi nimekutuma. Na ukitoka pale upite ku shamba, ung'oe mihogo. Supu hailiwi peke yake."

Hiyo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Supu hailiwi peke yake.

Nilimutuma kwa jogoo. Nilimutuma ku shamba. Mvua ikamukuta pale na jogoo ku kwapa, akatafuta muti, kama kila muntu angetafuta. Nilijua tangu saa balipomuleta mu machela ya miti. Nilijua nikisema "ile jogoo ni ya Rehema." Nilijua kwa shefu. Na yeye alijua kwamba najua, ndiyo sababu aliniuliza habari ya kikohozi.

Kama ni Rehema ametuma radi, si mi. Kama ni Mungu amemuita, si mi. Na kusema kweli hata mawingu yako inasema si mi. Lakini jibu yako haikunipa muntu wa kukamata shati, na nilikuwa nataka muntu. Nikachukua mwenye alikuwa karibu. Mwenye aliniamini.

Imenguruma usiku mzima. Sikujifunika masikio.

Tarehe 3, mwezi wa tatu

Jumapili, siku ya Mungu. Baada ya nyimbo bashuhuda balisimama: huyu amepona mgongo, huyu mutoto wake amepata diploma. Nikasimama.

Nikasema: "Nilidanganya. Mi ndiye nilimutuma Anatole kwa Rehema kuomba jogoo, ju ya kifua yangu. Rehema alisema ukweli mbele ya shefu, nikamukana. Hana kosa. Mumurudishe."

Mama mumoja nyuma akasema polepole, lakini masikio yangu bado ni mazima: "Uchungu imemuingia ku kichwa."

Pasta Jérémie alishuka, akanikamata mukono. Mukono yake ilikuwa ya upole, na hiyo ndiyo mbaya, ningependa angenitukana. "Mama, basi nani aliua Anatole?"

"Sijui. Na we pia hujui."

"Mungu anajua..."

"Mungu umuache kwanza, Pasta. Kila fasi, kila mahali tumekosa jibu tunamufunika nayo, kama kifuniko ku sufuria yenye hatukupika. Ukifunua, ndani hakuna kitu, na batoto bana njaa."

Hakuna mwenye alipiga amina. Mutoto mumoja alicheka, mama yake akamubana. Nikakaa. Na kifua, Raphaël, kifua ilikuwa nyepesi kama siku nilizaa.

Tarehe 4

Shefu amesema Rehema anaweza kurudi, hakuna mwenye atamugusa. Alisema haraka, kama anatema mbegu. Nimetuma neno na boti.

Tarehe 6

Imenguruma. Nimefagia mbele ya mulango ya Rehema.

Tarehe 9

Nimefagia.

Tarehe 13

Nimefagia. Kufuli imeota kutu, nimetia mafuta ya mawese.

Tarehe 20

Yasmina alikuja. Alisimama ku kizingiti muda mrefu.

"Ingia, mutoto."

"Mama mukubwa, nilikuwa nataka kukutukana. Nimejizoeza njia yote mu boti, na bantu ba boti bamenisaidia. Sasa nimeona vile umekonda, nimesahau matusi."

"Kaa, utakumbuka."

Alikaa. Nilimupa bugali, akala kidogo. Kisha akatoa neno ya mama yake, mukono pa magoti, kama mutoto wa shule.

"Mama anasema amesikia. Habari yako mu kanisa ilivuka maji siku ile ile. Anasema asante, ilikuwa nzito na uliibeba. Lakini harudi."

"Nimefagia kwake kila siku."

"Anajua. Anasema, kila siku itanguruma hapa, jirani atatoa kichwa mu dirisha kuangalia mulango yake. Mara moja tu, kidogo tu. Anasema hata we, mama mukubwa. Hata we."

Nilifungua kinywa niape. Nikaifunga. Ju tarehe 14 ilinguruma kwa nguvu, ile ya kupasua, na nilikuwa pale na ufagio, nimeshajua mambo yote ya blanketi na barafu, na shingo yangu yenyewe iligeuka kuangalia kufuli ya Rehema. Yenyewe. Sikuituma.

Nikamwambia Yasmina: "Mwambie amesema kweli."

Tulilia babili. Hatukugusana.

Tarehe 2, mwezi wa nne

Imenguruma. Shingo iligeuka.

Tarehe 11

Imenguruma. Iligeuka kidogo.

Tarehe 17

Pasta Jérémie alipita. Hakuzungumza ya Mungu. Aliniuliza kama ni kweli juu ya nguzo na vitu virefu, ju anataka kujenga tena chumba ya maombi. Nikamwambia asiweke pale juu ya kilima. Akasema atafikiri. Akaniomba maji, akanywa, akaenda. Naye ana batoto.

Bado naomba, usijidanganye umenishinda. Asubuhi napiga magoti. Lakini simuulizi Mungu tena juu ya radi. Radi nimekuachia we. Namulilia tu Anatole. Jibu yako ni ya kweli, naiamini, na ni baridi: inaniambia radi ilipita njia gani, haikai na mi nikisonga bugali ya muntu mumoja. Na ya pasta ilikuwa na joto, na ilifukuza rafiki yangu. Mwenye angenisaidia kuchagua ni Rehema. Angeweka mikono pa kiuno. Angepata kitu ya kutucheka bote, we, mi, na pasta. Siku hizi naanika ndagala peke yangu na hakuna mwenye ananiuliza nani alitia maji.

Tarehe 28

Mvua inaisha. Haikunguruma juma nzima, na kaye, daftari yangu, imebaki ukurasa moja. Sikia basi, bwana yangu mudogo.

Usije wakati ya jua kama bageni baoga. Uje mwezi wa kumi, tarehe kumi na moja, baba yako atatimiza mwaka na radi itakuwa imeanza. Pitia Ubwari kwanza. Umusalimie Mama Yasmina, ukae ku mukeka yake, umwambie Mama Anatole anaomba jogoo nyeupe. Akikukatalia, usibishe, lala pale, umusaidie kuanika, umwambie tena habari ya punje ya mchele. Akikupa, umuombe kitambaa ya kufunga muguu. Usiitie mu mufuko, usiifunike. Shuka nayo pa boti, pita nayo katikati ya soko, mbele ya kanisa, mbele ya shefu, polepole, na kama inanguruma upite polepole zaidi, ili shingo zetu zizoee. Na kama yeye mwenyewe anakuja nyuma yako na mukeka ku kichwa, usigeuke kumuangalia sana, atapata haya na kurudi.

Mi nitakuwa nimeweka maji ku moto. Uje moja kwa moja nyumbani. Usipitie ku shamba, Raphaël. Mihogo nitang'oa mi mwenyewe.